Kilo Thelathini na Nne

Mtu akiruka, bamba la kupimia nguvu husoma sifuri. Halina ujanja mwingine: miguu ikitoka juu yake, hakuna uzito. Rhoda, dada aliyelileta Korogwe kupima wanamichezo, alieleza hivyo mara mbili, na Siamanta akaelewa. Binti wa wafugaji wa Handeni, wanaocheza ngoma kwa kuruka, ashindwe kuelewa kuruka?

Akapanda. Kilo hamsini na mbili. Akaruka. Akiwa bado hewani, kompyuta ikaonyesha thelathini na nne, kana kwamba alipotoka mwingine amepanda.

"Hii mbovu," akasema Mwalimu Hiza, kocha wake. Wakampandisha mwanamichezo mwenzake, Emiliana wa Bungu. Alipokuwa hewani, sifuri safi. Petro naye, sifuri. Siamanta akarudia mara tatu, na mara zote tatu ikawa thelathini na nne.

Rhoda akajifuta jasho. "Mdogo wangu, vipimo vyenye kasoro havipokelewi. Umebakiza mruko mmoja. Huo nao ukiharibika, kambi ya taifa huendi."

Uzito ule Siamanta aliujua. Aliuona kwenye mizani ya zahanati masika yaliyopita, wiki moja kabla mdogo wake wa kike hajachukuliwa na maji ya korongo. Siku ile Siamanta alikuwa anawahi mazoezi, akamwacha avuke peke yake. Tangu hapo jina la mtoto halijatajwa nyumbani. Kwao marehemu hatajwi jina, hata na wale wasiokosa kanisani Jumapili. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Lakini kambi nayo ni kambi, jamani. Mwaka mzima alikuwa akiamka alfajiri kwa ajili yake. Akainama karibu na bamba, akanong'ona, "Ruthi, shuka. Tafadhali."

Akaruka. Sifuri. Sentimita arobaini na tisa, juu kuliko wasichana wote. Mwalimu Hiza akapiga makofi.

Siamanta akatua, akasimama wima kama alivyoelekezwa. Hakuna aliyemgusa, ila shingoni alihisi mikono miwili midogo, yenye maji ya baridi. Namba kwenye kompyuta ikapanda hadi themanini na sita, ikatulia hapo.

Rhoda alikuwa ameshika kalamu, haandiki. "Siamanta," akauliza polepole, "niandike uzito gani?"

Aliogopa. Hata hivyo akapeleka mikono nyuma, kama mtu anayemweka mtoto vizuri mgongoni.

"Huo huo," akasema.