Bi Shemsa Akataa Kuingia

Bi Shemsa alizaliwa Moa, mwendo wa bodaboda tu kutoka kituo cha mpakani, lakini pasipoti yake ilikuwa ya Oman, kwa kuwa ndiko alikoolewa na ndiko alikofiwa na mume. Mwanawe wa pekee, Wafa, aliolewa na Fadhil Tanga mjini, akakaa Usagara. Basi mama naye akakaa Usagara miaka miwili mizima, kwa viza ya utalii. Kila miezi mitatu ikikaribia kwisha alivuka kwenda Mombasa kwa nduguye Talal, akala biriani, akalala siku mbili, akarudi zake kutalii upya.

Hata siku moja afisa kijana aitwaye Eliudi akaigeuza ile pasipoti ukurasa baada ya ukurasa, akamwamkia kwa heshima zote, kisha akamrudisha.

"Mama, hata mbuga ya wanyama haitazamwi miaka miwili," alimwambia. "Hapo Tanga umebakisha kuona nini?"

Bi Shemsa alirudi Maskati akanuna miezi mitano.

Sasa Wafa alikuwa na mimba ya kwanza, nayo imeshaingia mwezi wake. Kwao mzazi hukaa ndani siku arobaini na mama yake yuko pembeni: amkande kwa maji ya moto, amfunge tumbo kwa mkaja, ampikie uji wa pilipili manga, amgombeze akitaka kuchungulia nje. Mama mkwe wa Wafa alishatangulia mbele ya haki. Bi Shemsa asipoingia, mwanawe atakandwa na jirani, tena jirani mwenyewe mwenye mikono baridi. Wazo hilo lilimtoa machozi safari nzima ya ndege hadi Mombasa.

Talal, mtu ambaye hajawahi kutalii hata Malindi, ndiye aliyejifanya mjuzi. "Dada, safari hii uonekane mtalii kweli." Akamvisha kofia pana ya ukindu juu ya mtandio, akamtundika kamera shingoni, akamkaririsha kwamba anakwenda kuona Mapango ya Amboni, na akamkanya asimwamkie mtu yeyote.

Pale mpakani hakutembea hatua kumi, muuza mihogo akampigia kelele: "Bi Shemsa! Umeadimika, jamani! Wafa kashajifungua?" Bi Shemsa akainamisha kofia, akapiga picha ukuta.

Dirishani alikuwa Eliudi yule yule.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Mbona umekonda hivyo, huli?" Alishajisahau.

"Nakula, mama. Safari hii umekuja kuona nini?"

"Mapango."

Eliudi akaomba begi lifunguliwe. Ikatoka mikaja mitatu, chupa ya asali, mfuko wa uwatu wa kuongezea maziwa, pilipili manga kilo nzima, na nepi za kitambaa dazeni mbili. Kijana aliviangalia, akaiangalia kofia, akaviangalia tena.

"Mama, huko mapangoni anazaa nani?"

Bi Shemsa akavua kofia, akasema yote, na akalia papo hapo mbele ya foleni. Eliudi aliingia ndani kwa mkubwa wake. Alikaa huko kitambo, akatoka na fomu mpya.

"Humu tunaandika ukweli. Unakwenda kwa mwanao. Umepewa siku arobaini na tano, kuanzia leo ninapogonga muhuri. Zikiisha, tafadhali, utoke mwenyewe."

Mtu mwingine angemshukuru Mungu akapita. Bi Shemsa alianza kuhesabu kwa vidole. Katika ukoo wao mimba za kwanza ni kaidi. Yeye mwenyewe alimbeba Wafa siku kumi zaidi. Huyu naye akikawia kumi, zitabaki thelathini na tano. Mama afukuzwe nchini mzazi yungali ndani?

"Usigonge," alisema.

Eliudi alishika muhuri hewani. "Nisigonge?"

"Bado, baba. Nitakaa pale kwenye benchi. Akishikwa uchungu tu, unanigongea, natoka mbio."

Kijana yule alikuwa amewarudisha watu wengi, wapo waliomtukana na wapo waliomzimikia mikononi. Wa kukataa kuingia hakuwa amemwona. Kila alipopata nafasi alichungulia dirishani. "Mama, unaingia?" Naye, kamera shingoni na muhogo mkononi, alijibu, "Naingia. Si sasa." Ikapita adhuhuri, ikaja alasiri, na Bi Shemsa akajiona mwerevu kuliko serikali mbili.

Ndipo simu ikalia. Wafa.

"Umeanza uchungu?" mama aliuliza, ameshasimama.

"Bado. Mama, uko wapi? Mjomba Talal anasema umevuka tangu asubuhi."

Bi Shemsa akaketi tena, akamweleza hesabu yake kwa fahari, siku kwa siku. Upande wa pili akasikia pumzi za mtu anayejizuia asilie.

"Arobaini zikikatika katikati nitajifunga mkaja mwenyewe, mama. Nitajifunza. Lakini mie naogopa sasa hivi. Tangu jana silali, naogopa kufa, na Fadhil nikimwambia anaogopa kuliko mimi. Nawe uko mpakani unanitunzia siku?"

Bi Shemsa aliona haya mbele ya simu, mwanamke wa miaka sitini na mbili. Alikuwa amehesabu mtoto, akahesabu maji ya moto na nepi, na mwanawe mwenyewe hakumhesabu.

Alibeba begi bila kulifunga, nepi zikidondoka nyuma yake, akaipita foleni nzima hadi dirishani, na hakuna aliyethubutu kumzuia.

"Gonga, baba."

"Uchungu umeanza?"

"Haujaanza. Gonga."

Eliudi akavuta muhuri karibu, akaiangalia tarehe. "Nianzie leo, basi?"

"Anzia leo," alisema Bi Shemsa, machozi yakimtiririka. "Ningekuwa na akili, ningekuwa naye tangu asubuhi."