Mstari wa Kijani Kwenye Kioo cha Prudensia

Saa tatu asubuhi ya Jumanne, mwalimu Prudensia alipowasha kompyuta sebuleni kwake, Ihanda, mstari mwembamba wa kijani ulisimama ukingoni mwa kioo, upande wa kulia, kutoka juu hadi chini. Alikuwa akiandika malalamiko kwa wazee wa ukoo, ambao wangeketi Alhamisi. Kaka yake, Aristides, alikuwa amesogeza mpaka wa kibanja hatua kumi na moja, na kaburi la mama yao sasa lilikuwa upande wake.

Alizima, akawasha. Alichomoa waya, akaufuta kwa upindo wa kanga, akauchomeka. Aliketi, akainuka, akaenda dirishani kuitazama migomba, akarudi. Mstari ulikuwapo.

Saa sita fundi Theoneste alifika kwa bodaboda kutoka Omurushaka, akiwa na kioo kingine mgongoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nina siku mbili tu, mwanangu."

"Siku mbili ni nyingi. Wengine hunipa dakika kumi."

Aliiamuru mashine ijipige picha ya skrini, akaihamishia picha hiyo kwenye simu yake. "Mstari ukionekana humu, ugonjwa uko ndani ya mashine. Usipoonekana, kioo ndicho kibovu." Ulionekana, tena ulikuwa na majani. Theoneste aliikuza picha. "Omuramura," alisema, akiutaja mmea ambao kila familia huupanda mpakani. Akafuta draiva, programu inayoendesha kioo, na kuiweka upya. Akabadilisha kioo. Mstari ukahamia kwenye kioo kipya.

Lakini aliposogeza meza kidogo, mstari uliteleza kuelekea katikati. Basi wakaunganisha ekstensheni mbili. Theoneste akabeba kioo, Prudensia akabeba mashine, wakatoka nje na kuipita miramura michanga aliyoipanda Aristides. Hatua kumi na moja ndani ya kahawa yake, ng'ambo kidogo ya kaburi, mstari ulitua katikati kabisa. Fundi alichokoa udongo kwa bisibisi, akakuta kisiki cha omuramura wa zamani.

Aristides, aliyekuwa akichuma kahawa, alikuja kutazama. "Ndipo hapo," alisema. "Niliing'oa ile ya zamani wiki moja baada ya matanga ya mama. Hiki kilinishinda. Ungeniuliza tu, dada."

"Nilikuuliza mara tatu."

"Hukuja na kompyuta." Akarudi kuchuma.

Usiku ule na uliofuata Prudensia hakupata usingizi wa kueleweka.

Alhamisi, kando ya kile kisiki, wazee walitafuna kahawa kavu, wakakitazama kioo kwa zamu, mkubwa kwanza. Mzee Ndyamukama, msemaji wao, aliufuata mstari kwa ncha ya fimbo.

"Kioo kimesema kweli. Baba yenu alipanda pale."

"Basi kaburi la mama linarudi kwangu," alisema Prudensia.

"Kioo kimetuonyesha mpaka ulipokuwa. Hakikutuonyesha binti akigawana ardhi na kaka yake. Uliolewa Kihanga, ukarudi, tukakupa pa kukaa. Kaa." Kisha akamwomba apunguze mwanga, kwa kuwa macho yalikuwa yakimuuma.

Wiki iliyofuata Aristides alikuja na mkungu wa ndizi begani. Alikuwa amepata mnunuzi wa kile kipande, mfanyabiashara wa Bukoba aliyetaka kujenga ghala, na kompyuta ya karibu ya kuandikia mkataba ilikuwa hii.

"Andika vizuri, dada. Ni mtu makini."

Prudensia aliinuka, akaketi, akaandika. Herufi zilipita chini ya mstari wa kijani, kutoka upande mmoja hadi wa pili, bila kuharibika. Alipofika kwenye vitu vilivyomo ndani ya eneo, aliandika: kaburi moja, migomba sitini, mikahawa arobaini.

Aristides alisoma akichungulia juu ya bega lake. "Kaburi liweke mwisho, baada ya kahawa."

Prudensia alilihamisha.