Karanga za Bi Maua

Tatu alimenya karanga juu ya meza ya maabara, akazitwanga, akazichuja kwa kitambaa cheupe. Dawa ya kupimia seli iliyoagizwa Ulaya ilikuwa haijafika Tabora, kwa hiyo Daktari Elieza aliamua waitengeneze wenyewe. Protini ya karanga hunasa sukari iliyo juu ya seli, alimweleza. Ukiifunga na kimeng'enya kisha ukatia maji ya rangi, pale iliponasa hugeuka kahawia.

Karanga zilitoka kwa mama yake Tatu, Bi Maua. Ndizo pekee zilizosalia. Nyingine ziliteketea na nyumba yake karibu na Kwihara, siku watu walipohamishiwa kijiji cha ujamaa. Aliyeichoma hakutajwa. Shomari, mume wa Tatu, ndiye aliyeendesha lori la kuwahamisha. Alisema aliikuta nyumba imeshaungua. Tangu hapo Tatu alikuwa akimtazama anapolala.

Adhuhuri Shomari alipitia maabara kuchukua ufunguo wa nyumba. Dawa waliyoitengeneza ikashuka kutoka kwenye kioo cha kupimia, ikatambaa mezani, ikampanda mkono wa kulia. Ukawa kahawia hadi kwenye kifundo.

Daktari Elieza aliinama akautazama. "Imenasa vizuri," alisema.

"Si tuliitengenezea seli?" Tatu aliuliza.

"Hata mkono ni seli."

Tatu akamgeukia mumewe. "Nyumba ya mama uliikuta imeungua?"

"Nimeshakwambia."

Rangi ikapanda hadi kwenye kiwiko. Shomari akaitazama.

"Niliamriwa," alisema. "Kila dereva alionyeshwa nyumba yake ya kuchoma."

Rangi ikasimama hapo hapo. Akachukua ufunguo, akaondoka.

Dawa iliyobaki ilipita chini ya mlango, ikaingia mjini. Kufikia Ijumaa, wanaume kadhaa walikuwa na mikono ya kahawia, wengine wakiwa maofisini. Watu waliwaamkia shikamoo kama kawaida, nao wakaitikia marahaba. Lilipopatikana lori jipya, msimamizi wa madereva, ambaye mkono wake ulikuwa kahawia hadi begani, alimpa Shomari.

Tatu alikwenda kijijini kwa mama yake. Alimkuta akiziba paa la nyasi lililokuwa likivuja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Aliyechoma nyumba ni Shomari."

Bi Maua aliendelea kufunga nyasi. "Nilimwona. Alivaa lile shati uliloniomba nilitie kifungo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekwenda kuishi wapi? Hapa?"

Tatu akatazama lile paa. Akamshikia mama yake kamba mpaka kazi ikaisha.

Jioni alirudi mjini, akapika ugali na kisamvu. Shomari alikuwa ameketi mkekani. Tatu akammiminia maji, naye akanawa ule mkono wa kahawia taratibu, vidole vyote. Maji yaliingia kwenye beseni yakiwa safi kabisa. Akamega tonge, akala.