Hati ya Maandazi

Mbalamwezi ikishika ziwa, dagaa hawavuliki. Taa za wavuvi haziwavuti tena, mitumbwi inapandishwa nchi kavu, na mwalo mzima, ufuko wa kupokelea samaki pale pembezoni mwa Pasiansi, unakaa siku kadhaa bila kazi ya maana. Wanaume wanashona nyavu. Wanawake wanatengeneza chanja zao za kuanikia, wanasukana na kusemana. Kampuni moja ya kununua dagaa ilichagua siku hizo kuleta mkataba wake, na tusidanganyane kwamba haikujua inachofanya. Mtu asiye na kitu cha kuuza wiki hiyo husikiliza ahadi kwa masikio yote mawili.

Mkataba wenyewe ulikuwa mfupi. Kwa miaka mitano, dagaa wote wa mwalo ule wangenunuliwa na kampuni peke yake. Wanunuzi wa siku zote, yule mama wa Kikongo mwenye lori, Warundi, vijana wa Tabora, wote wasingeruhusiwa kupakia hata gunia moja. Kampuni nayo ingejenga ghala la bati, ingeleta nyavu mpya za chanja, na mashine ya kukaushia dagaa wakati wa mvua. Kilichobaki ni mkutano wa mwalo kukubali.

Siku mbili kabla ya mkutano, afisa wa kampuni alimfuata Getruda kwenye chanja zake. Kijana alikuwa anaitwa Nurudin, shati limenyooka, adabu tele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Angalia usikanyage misumari."

Nurudin akaeleza shida yake. Getruda alikuwa mwenyekiti wa waanikaji, na akisema yeye wenzake wanasikia. Kampuni ingependa awe wakala wake. Dagaa wote wangepita mkononi mwake, ufunguo wa ghala ungekaa kwake, na angepewa bajaji ya mizigo yenye jina lake ubavuni.

"Hakuna mwingine?" Getruda akauliza.

"Hakuna mwingine, mama. Ni wewe peke yako."

Getruda alitamani. Alikuwa mjane wa miaka hamsini kasoro, amebeba ndoo za dagaa tangu mwanawe Yeremia yuko mgongoni, na masika yaliyopita mvua ilimwozeshea dagaa wa chanja nne kwa asubuhi moja. Nani asingetamani? Akasema atafikiri. Nurudin alipoondoka, akabaki ameshika nyundo bila kugonga chochote, kwa sababu yale maneno, wewe peke yako, aliwahi kuambiwa zamani, na aliyemwambia alikuwa Mwalimu Nathaniel.

Ilikuwa kidato cha pili, somo la historia. Mwalimu Nathaniel alikuwa mtu mrefu, suruali fupi kidogo, mwenye kupenda mambo ya wafalme wa Ulaya mpaka wanafunzi wakawa wanamcheka. Siku hiyo alikuwa anafundisha ukiritimba. Aliwaambia kwamba mwaka 1600 malkia wa Uingereza aliwapa wafanyabiashara wa London hati yenye muhuri: biashara yote ya Waingereza ng'ambo ya Rasi ya Tumaini Jema, kuelekea mashariki, ni yao peke yao kwa miaka kumi na tano. Mwingereza mwingine akipeleka merikebu huko, mali yake inataifishwa. Wafalme wengine nao wakagawa hati za namna hiyo, huyu kwa kampuni hii, yule kwa kampuni ile. Darasa lilikuwa linasinzia.

Basi Mwalimu akachukua karatasi, akaandika, akadondoshea nta ya mshumaa, akagandamiza kizibo cha soda juu yake. Pale shuleni wasichana wanne walikuwa wanauza maandazi wakati wa mapumziko, kila mmoja na ndoo yake. Akamwita mmoja.

"Getruda Kashindye. Kwa wiki nzima, maandazi yote ya shule hii utauza wewe peke yako."

Wenzake watatu wakanuna, lakini hati ikawa hati. Jumatatu Getruda alimaliza ndoo kabla kengele haijalia. Jumanne akaleta mbili, zikaisha. Jumatano akagundua kwamba hata andazi likipungua ukubwa, watu wananunua tu, maana waende wapi? Alhamisi alichelewa kuamka. Akakanda unga haraka, hakuusubiri uumuke, akayatoa kwenye mafuta mapema. Yakaisha vilevile, na akarudi nyumbani anaimba.

Ijumaa Mwalimu alinunua moja mbele ya darasa. Akalipasua. Katikati unga ulikuwa mbichi, unanata. Akampa Getruda nusu.

"Kula."

Akala. Lilikuwa baya, na darasa zima lilikuwa linamwangalia mdomo.

"Ukipewa wiki nyingine, utachukua?"

Getruda alikuwa na miaka kumi na mitano na hakujua kudanganya. "Ndiyo, Mwalimu."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alinyoosha mkono kudai ile karatasi, Getruda akaing'ang'ania, na ikabidi Mwalimu amwachanishe vidole kimoja kimoja. Aibu ya ile karatasi ilimkaa miaka yote. Ya andazi bichi aliisahau mapema, lakini vile vidole hakuvisahau.

Siku ya mkutano watu walijaa kati ya mitumbwi iliyolala. Shimba, mwenyekiti wa kamati ya mwalo, alisoma mkataba kwa sauti. Watu walitikisa vichwa kwa kukubali alipofika kwenye habari ya ghala, wakapiga makofi alipofika kwenye mashine. Nurudin akajibu maswali vizuri, na kila jibu lake lilikuwa na tabasamu.

Hapo lazima niseme jambo moja la mwalo ule, maana ndilo lililoamua kila kitu. Pale mnunuzi hanunui kwa macho. Anapita kwenye chanja, anachota dagaa wachache, anatafuna mbele ya mwenye mali. Akisikia mchanga kwenye meno, anatema na kwenda chanja ya pili, na hakuna wa kumlaumu. Mwenye mali naye, asipopenda bei, anasema "Pita," na mnunuzi anapita. Ndiyo maana wanawake wa pale huosha dagaa mara tatu na kuwaanika juu, sio chini. Jina lao limefika Lubumbashi kwa sababu hiyo.

Getruda akasimama. "Baba Nurudin, kampuni yenu itakuwa inatafuna?"

Watu wakacheka. Nurudin naye akacheka. "Hapana, mama. Hamtasumbuliwa tena na hayo. Sisi tutachukua wote, wazuri na wabaya, bei moja. Na mama mwenyewe, kama wakala wetu, atakuwa anapokea."

Minong'ono ikapita. Kumbe amepewa cheo. Rose, aliyekuwa anauza maandazi naye shuleni na sasa anaanika chanja ya jirani, alimgeukia kwa jicho lile lile la kidato cha pili.

"Ni kweli," Getruda akasema. "Nimeahidiwa ufunguo na bajaji, na nimevitamani. Sasa mnisikilize, kwa sababu mimi hati ya namna hii nilishawahi kupewa. Rose ni shahidi."

Akawasimulia yote. Malkia na hati yake, ndoo, andazi dogo, unga mbichi, na vidole. Hakujipunguzia hata kidogo. Mwanzoni walicheka, halafu wakaacha.

"Mimi sikuwa mtoto mbaya," akasema. "Nilikuwa najua kupika maandazi kuliko wote wanne, muulizeni huyu. Nilichokosa ni mtu wa kuniambia naenda kununua kwa Rose. Siku nne tu zilitosha. Sasa mnataka miaka mitano? Asipokuwepo wa kutafuna, nani kati yetu ataosha mara tatu? Mimi sitaosha. Nawaambia mapema."

"Lakini mayu, mama yetu, na mvua je?" Shimba akauliza.

"Mashine tutachanga, au tutakopa kama kikundi, itakuwa yetu. Hilo tulijadili mwaka jana tukazembea. Na kingine, mwenyekiti. Yule malkia alimpa mtu bahari akiwa amekaa kwake London. Hapa wa kutoa hati ni sisi, na mwalo ni huu tunaoukanyaga. Mimi sitoi."

Akauchukua ule mkataba mezani kwa Shimba, akautembeza mpaka mbele ya Nurudin, akamkabidhi kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Vidole vyake viliachia vyenyewe.

Rose ndiye aliyeanza kigelegele. Shimba alipoita mikono, ya kukataa ilikuwa mingi hata hakuona sababu ya kuita ya kukubali.

Mbalamwezi ilipokwisha na mitumbwi ikaanza kuja imejaa, Nurudin naye alikuja, na lori. Alisimama nyuma ya yule mama wa Kikongo, akasubiri zamu yake, akatafuna. Rose alimwambia "Pita" mara mbili kabla hajaongeza bei, na kijana alipakia magunia yake akiwa anajikuna kichwa na kucheka. Dagaa walikuwa wazuri, alikiri mwenyewe.

Jumapili hiyo, baada ya kanisa, Getruda alipanda mpaka Mabatini kwa Mwalimu Nathaniel na kikapu kilichofunikwa kitambaa. Mzee alikuwa amekaa barazani, suruali bado fupi, macho yamepungua nguvu.

"Shikamoo, Mwalimu. Ni Getruda Kashindye."

"Marahaba. Wa maandazi?"

"Wa maandazi."

Akamfunulia kikapu. Mzee akachagua moja, akalipasua katikati, akalisogeza karibu na macho, akaligusa kwa kidole. Halafu akala taratibu, na Getruda akasubiri amesimama, kama alivyosimama siku ile.

"Ukipewa wiki nyingine?" Mwalimu akauliza.

"Nilipewa miaka mitano, Mwalimu. Nimeirudisha mwenyewe."

Mzee alijifuta mafuta vidoleni, akasogea kwenye benchi kumwachia nafasi.

"Kaa, Getruda," akasema.