Pepo wa Jembe

Watu wa Bagamoyo wakikwambia mimi nina pepo, waambie waje waniulize mwenyewe, mlango wangu wanaujua. Mimi ni Miza binti Muhanna, mke wa Nasser mfanyabiashara wa sandarusi, na sijapandwa na pepo hata siku moja. Nilichokuwa nacho ni hofu. Hofu nayo ina aibu gani hata watu waifiche kwa kuibandika jina la mtu mwingine?

Ilianza na mizinga. Manowari za Wadachi, hao Wajerumani, zilipoupiga mji nilikuwa jikoni nachambua mchele, na ukuta wa jirani ukaporomoka mbele ya macho yangu. Tukakimbilia shamba, Mkange, mimi na mama mkwe wangu, Bi Shaikha, mume wangu akabaki nyuma kulinda nyumba. Huko Mkange moyo wangu ukawa si wangu tena. Mtu akiangusha sufuria, mimi natetemeka mpaka magoti. Usingizi ukanihama, na kila nilichotia mdomoni nilikiona makapi. Nilishinda kibarazani kwa mwenyeji wetu, Mwanvita, mke wa mkulima, nikitazama chini kutwa nzima.

Mwanvita si mtu wa kubembeleza. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi wa mjini msemo huo tunausema tukacheka, yeye aliutenda. Alinitupia jembe miguuni akasema, "Shoga, huku hatuli kwa kutazama." Nikalia. Sikuwahi kushika jembe tangu nizaliwe, kwetu mwanamke hata maji huletewa. Nikalima nimenuna, viatu nimevua, viganja vimejaa malengelenge. Jembe likipanda navuta pumzi, likishuka naishusha. Katikati ya tuta nikashtuka kuona moyo umetulia, wala sijui ulitulia saa ngapi. Kesho yake Mwanvita hakunitupia kitu, nililifuata jembe mwenyewe.

Huo ndio uganga wangu, sina mwingine. Asubuhi nalima tuta kabla mtu hajanisemesha. Halafu naosha miguu kwa maji ya mtungini, nafikicha majani ya kivumbasi viganjani nayanusa, nakunywa uji wa moto polepole bila kukimbizwa na mtu. Siku hofu ikizidi, namwambia Mwanvita waziwazi, "Leo naogopa." Naye hunijibu, "Ogopa, lakini palilia." Sikudanganyi, hofu haikuisha. Ila ilikuwa inanikuta nimeshika kitu mkononi.

Mji ulipotulia tukarudi. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na kiwanja kimeota magugu, nikakifyeka nikapiga matuta ya viazi. Bi Shaikha aliponiona alishika kichwa. "Mke wa mwanangu yuko peku, analima kama kijakazi, na majirani wanachungulia. Uso wetu tutauweka wapi?" Hakuniuliza kwa nini nalima. Jioni Nasser akalichukua jembe akalitia ghalani, akaniambia nikitaka viazi niseme, ataniletea gunia. Loo, viazi. Nilimweleza habari ya moyo wangu, akasema nipumzike.

Nikapumzika, nikaharibika. Zilipita siku chache tu, mikono ikaanza kutetemeka tena. Siku walipokuja wageni wa Bi Shaikha sinia la kahawa likaniponyoka, nikakaa chini sakafuni mbele yao nikitafuta pumzi siioni. Hapo ndipo mama mkwe alipokata shauri: nimepandwa na pepo wa porini, nimemtoa Mkange. Apungwe. Nikipona, vyema. Nisipopona nirudishwe Unguja kwa kaka yangu, na Nasser atafutiwe mke mzima. Nasser akakubali huku akitazama pembeni. Mimi sikutaka Unguja. Nilimtaka mume wangu na nyumba yangu, na nilijua bila jembe sitapona, wangenipigia ngoma mpaka Kiyama.

Wakamleta fundi, Bi Ashatu, mwanamke mzee anayeheshimiwa mji mzima kwa kupunga pepo. Alasiri ile ukumbi ulijaa wanawake. Ubani ukafukizwa, nikafunikwa shuka jeupe, ngoma zikaanza. Nasser alisimama mlangoni, maana ndiyo ada: pepo akishapanda hutaja jina lake, kisha hutaja anachotaka, na mume hutoa papo hapo. Mtu habishani na pepo. Nimeona wanawake wakipewa hariri, wakipewa pete, mmoja alipewa ruhusa aliyonyimwa miaka mingi, ya kwenda kumwona mama yake.

Bi Ashatu akaingiza kichwa chini ya shuka. "Mwanangu, wewe huna pepo," akaninong'oneza. "Wenye pepo nawajua. Lakini sema jina lolote, la Kihabeshi, la Kiarabu, lolote, uombe unachotaka. Atakupa. Wangapi wamepona hivyo humu mjini."

Alinihurumia, Mungu amlipe. Wallahi nilikaribia. Jina moja tu la uongo na jembe langu lingerudi kabla ya magharibi. Kisha nikawaza, jembe hilo litakuwa la nani? Kila tuta nitakalopiga watasema amelipiga pepo. Nikitetemeka tena watamuuliza yeye anataka nini, mimi nimekaa hapo hapo nina mdomo wangu. Hasira ikanipanda, na hasira ile ilikuwa tamu, maana kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi niliona kitu kimeishinda hofu.

Ngoma zikanyamaza. "Taja jina lako," Bi Ashatu akasema kwa sauti.

"Miza binti Muhanna."

Wanawake wakaguna. Ngoma zikapigwa tena, zikanyamaza tena. "Taja jina lako, bwana mkubwa."

"Miza binti Muhanna. Mimi si bwana mkubwa, ni mke wa huyo aliyesimama mlangoni."

Mtu akacheka nyuma, akanyamazishwa. Bi Ashatu akauliza taratibu, "Unataka nini?"

"Jembe langu."

"Huyo si pepo," Nasser akasema.

"Sikusema ni pepo. Ni mimi."

"Angekuwa pepo ningempa."

Alilisema kwa kinywa chake, mbele ya watu. Nikalivua lile shuka. "Kumbe. Pepo humjui kwao, humjui baba yake, hajakupikia hata kahawa, yeye ungempa. Mimi uliyenioa kwa walii na mashahidi nakuomba chuma chenye mpini, unaninyima. Nasser, naogopa. Niliogopa Mkange, naogopa sasa hivi, mikono hii itazame. Lakini dawa yake naijua. Ukitaka kunirudisha Unguja nirudishe, ila useme umenirudisha mimi. Pepo usimsingizie."

Bi Shaikha akaamuru ngoma zipigwe. Bi Ashatu akaweka kiganja juu ya ngozi ya ngoma kubwa. "Ngoma yangu haimpungi mtu mwenye akili zake," akasema.

Nikainuka. Nikawapita wanawake, nikampita mume wangu bila kumgusa, nikafungua komeo la ghala, nikatoka na jembe uani. Jua bado kali. Pigo la kwanza likapata jiwe, mikono ilivyokuwa inacheza. La pili likapata udongo. Nyuma yangu nikasikia mlango umejaa watu, na madirisha ya majirani yakifunguliwa. Wala sikugeuka. Nikavuta pumzi, nikaishusha.

Nasser akaja akasimama kando ya tuta. Alikuwa na mambo mawili tu, aninyang'anye jembe mbele ya wanawake wa mji mzima, au aniache. Tangu nilipoanza kuumwa, mle ndani nilikuwa naitwa mgonjwa. Mgonjwa amekula? Mgonjwa amelala?

"Miza," akasema kwa sauti ndogo. "Ingia ndani. Watu wanatazama."

Moyo ulikuwa unanienda mbio, lakini mpini nilikuwa nimeushika.

"Nitaingia nikimaliza tuta," nikamwambia.

Akakaa kizingitini kuningoja. Nikalimaliza tuta lile, nikaanza jingine.