Bonde la Buluu

Mchora ramani wa ofisi ya mipango alikuwa akiitazama ramani ya mafuriko ukutani, mvua ikichapa madirisha, kaka yake alipopiga simu. Bonde chini ya bwawa alilipaka buluu kwa mkono wake mwenyewe. Mto ukizidi, milango ya bwawa ifunguliwe, maji yageuziwe huko, mji upone. Sensa ilisema halina watu, naye hakwenda kutazama.

"Mdogo wangu, tumemhamisha mama," kaka alisema. "Ukame kule umetushinda. Huku majani tele, ng'ombe wakinuna ni kwa mazoea tu."

"Huku wapi?"

"Bondeni, chini ya bwawa. Nusu ya kijiji tumehamia. Na kompyuta yako yote hiyo hukujua?"

"Kaka, mpandisheni mama mlimani. Sasa hivi."

"Kwa mvua hii? Acha kututia presha, bwana. Ngoja nikafunge ndama." Akakata simu.

Mchora ramani alikimbilia kwa mkuu wake. Hata hodi alisahau.

"Mzee, bondeni kuna watu. Mama yangu yumo. Walihamia baada ya sensa."

Mkuu alivua miwani taratibu. "Wewe ndiye uliyeniandikia kwamba ni tupu."

"Nilikosea. Nitabeba lawama yote. Milango isifunguliwe."

"Isipofunguliwa, maji yanaingia mjini. Shule ya wanao iko wapi, binti yangu?"

Ilikuwa kando ya mto. Alishika ukingo wa meza. Ee Mungu, aliomba kimoyomoyo, usiniache nichague.

"Basi nipe muda niwatoe," alisema.

Mkuu akainua simu ya bwawani. "Subirini mpaka maji yaguse alama nyekundu," aliamuru. Kisha akamwambia, "Yakifika hapo watafungua, sina la kufanya."

Alirudi mezani kwake, akampigia kaka; hakupokea. Alipiga tena na tena, hadi akasikia sauti ya mama.

"Mwanangu, kaka yako ameacha simu—"

"Mama, toka nje. Mwite kaka, waite majirani, pandeni mlimani. Maji yanakuja."

"Na mbuzi wangu?"

"Mwachie Mungu, mama. Nenda."

Alisikia mlango ukifunguliwa, mvua, mama akiita majina ya watu huku akihema. Hakukata simu. Kwenye kioo cha kompyuta, mstari wa maji uliendelea kupanda, na alama nyekundu ilikuwa karibu mno.