Ukingo wa Kijito

Mkutano wa wakulima wa zabibu ulivunjika watu wakiwa wamenuna. Mwenyekiti alikuwa ameeleza kinagaubaga: kiwanda cha mvinyo kilitaka zabibu zenye cheti cha mazingira, na cheti hicho kingetolewa kwa bonde zima, si kwa shamba moja moja. Sharti kubwa lilikuwa kutopuliza dawa ya magugu kando ya kijito. Wote walikubali, isipokuwa Mzee Kobe, aliyepewa jina hilo kwa ugumu wa kubadili mawazo.

"Shamba langu nalijua mwenyewe," alisema, akaondoka.

Macho yakamgeukia Mama Pacha, mjane wa mdogo wake Kobe. Mashamba yao yalipakana.

"Ni shemeji yako, kazungumze naye," mwenyekiti alimwomba.

"Nikizungumza naye, atapuliza mara mbili," alijibu, watu wakacheka.

Hata hivyo, asubuhi alikwenda. Mlango wa banda ulikuwa wazi. Kobe alikuwa ameangusha kifuniko cha bomba la dawa na alikuwa akijaribu kukiokota. Aliinama nusu, akashika meza, akakunja uso, kisha akaanza kukivuta kwa mguu. Mama Pacha alirudi nyuma kimyakimya, akakohoa, ndipo akapiga hodi.

"Karibu. Umekuja kunihubiria?"

"Nimekuja kuomba msaada, shemeji." Hakuwa amepanga kusema hivyo. "Mizabibu yangu haijapogolewa. Mimi nikishika mkasi nakata kama kinyozi mwenye hasira. Wewe nipogolee, mimi nitakupalilia ukingo wa kijito kwa jembe."

Kobe alikisukuma kifuniko chini ya meza kwa mguu.

"Nani kakwambia habari za mgongo wangu?"

"Mimi nimetaja mkasi. Mgongo umeutaja wewe."

Mzee akaketi taratibu juu ya kreti. "Tangu mavuno, nikiinama siinuki. Bomba nabeba nimesimama, jembe siliwezi. Sasa niwatangazie watu kwamba nimekwisha?"

"Hujaisha. Tumebadilishana kazi, basi."

Wakabadilishana. Kobe alipita kati ya mistari ya mizabibu akikata matawi huku amesimama wima, na Mama Pacha akalima ukingo hadi viganja vikaota malengelenge.

Mkaguzi alipofika, aliuliza kama kuna aliyepuliza dawa msimu ule. Wakulima wakatazama viatu vyao.

"Mimi," Kobe alisema. "Mwanzoni mwa msimu. Mgongo ulinishinda, nikaona haya kusema. Sasa nimeacha."

Mkaguzi alimshukuru, lakini kanuni ni kanuni: bonde lingesubiri hadi msimu mwingine. Wapo walionung'unika, na mmoja alimpita Kobe bila salamu. Lakini wiki ile ile mwenyekiti alikuja ukingoni na jembe lake, na baadaye wakaja wengine, akiwemo yule aliyemnyima salamu.

Habari ya cheti iliwafikia msimu uliofuata wakiwa hospitalini, kwenye benchi nje ya chumba cha daktari wa mifupa. Ilimchukua Mama Pacha muda wote huo kumshawishi shemeji yake aende. Simu ilipolia, alisikiliza, akatabasamu.

"Tumepata."

"Bonde zima?"

"Bonde zima."

Kobe alipangusa macho kwa kiganja kama mtu aliyeingiwa na vumbi. Nesi akaita. Mzee akanyoosha mkono bila kuombwa, akashika bega la shemeji yake, wakainuka pamoja.